Kawa Ukutani kwa Badria

"Ishushe, Badria! Nakwambia ishushe kabla sijapanda kuishusha mwenyewe!"

"Panda, Kheir. Kiti hicho hapo. Ila ukianguka usije ukanidai mguu."

"Mnamdhalilisha dada yangu mchana kweupe! Watu wanakunywa chai huku wanamtazama!"

"Dada yako yuko wapi katika picha hii? Nionyeshe kwa kidole. Mie naona mlango, naona baraza, naona paka, naona kawa imefunika sinia. Au dada yako ndiye huyo paka?"

Hapo mie nlikuwa nshalivunja andazi langu la pili, lakini sikulitia mdomoni. Ugomvi mzuri hausikilizwi na mtu anayetafuna. Maneno mengine yanapotea baina ya meno, na mie meno yenyewe nnayo manne, siwezi kuyapa kazi mbili. Nkalirudisha andazi kisahanini, nkavuta buibui langu, nkakaa vyema.

Kheir akageuka, akaniona pembeni.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

Akaendelea. Kheir anauza vipuri vya vespa, na sauti yake kubwa kuliko duka lake. Duka lenyewe ukitaka kuingia wewe, yeye inabidi atoke. Lakini siku ile alikuwa ameingia mkahawa wa Badria, hapa Sokomuhogo, na mkahawa ni mpana, basi sauti ikapata pa kunyoosha miguu.

Picha aliyokuwa akiigombea ilikuwa kubwa kama sinia la karamu ya walima. Mlango wa mbao, rangi ya kijani iliyochakaa. Pembeni mwa mlango, baraza. Juu ya baraza, sinia limefunikwa kawa ya ukili, zambarau kwa kijani, na pale juu kabisa kwenye ncha, ambapo kawa huanza kufumuka ikizeeka, kiraka cha kanga ya kisutu. Mbele ya kawa kakaa paka mwenye chongo, ametulia kama mzee anayesubiri pensheni. Mwanga ni ule wa magharibi inapokaribia, ukuta unapopata rangi ya chai ya maziwa. Basi. Hakuna mtu hata mmoja.

Na hapo ndipo alipokosea aliyeichora, maskini. Alidhani picha isiyo na mtu haina wa kumkasirisha. Kasahau anakaa mtaa gani. Mtaani kwetu sisi wanawake tunajua kawa ya jirani kama tunavyojua kikohozi chake. Ukili umesukwa na nani, rangi imechovywa lini, kiraka kimetoka wapi, yote tunayo kichwani. Mtalii akisimama mbele ya picha ile anasema, "Rangi nzuri." Sisi tukisimama tunasoma barua. Mlango ni wa nani? Wa Pandu, mwanamme asiye na mke. Kawa ni ya nani? Ya Riyama, dada yake Kheir, mjane wa mwaka wa nne. Kiraka alikitia mwenyewe, barazani kwake, mbele ya macho yetu, akakata kipande katika kisutu cha harusi yake. Sasa kawa ya mjane inatafuta nini barazani kwa Pandu? Haya, malizia mwenyewe. Mtaa ulishamaliza zamani.

Lakini nyie hamumjui Pandu, na mtu akigombewa namna hii ni haki ajulikane.

Pandu ni mtu wa Mkokotoni. Alikuja mjini kijana mwembamba, na brashi mbili na kopo. Kazi yake kuchora mabango ya maduka. Alimchorea bucha mmoja ng'ombe mzuri mno, ana macho ya huruma, basi watu wakija kununua nyama wanamtazama ng'ombe, roho inawaingia, wanakwenda kununua samaki. Bucha akafilisika. Kinyozi mmoja naye alimchorea kichwa ukutani, na nywele za kichwa kile, sikwambii uongo, zilikuwa zinaota. Kila Ijumaa kinyozi anaanza kwa kuzipunguza, ndipo anawageukia wateja. Wapo watakaokwambia hayo nimeyazidisha. Hao walikuwa hawajazaliwa.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Unapeleka jina lako asubuhi, mchana unalo kwenye plastiki, lina picha ya simu na picha ya mwanamke asiyejulikana anacheka. Pandu akakaa. Alipochoka kukaa akaenda kwa bwana mmoja mwenye duka la watalii, na bwana yule akamwambia, "Nichorie twiga."

Twiga! Unguja hii tuna kima, tuna paa wadogo kama mbuzi, tuna kunguru wasio na haya. Twiga hajapata kukanyaga hapa, wala bandarini hana pa kushukia. Pandu hajapata kumuona. Lakini akachora twiga miaka kumi na moja. Twiga mwenye jua nyuma, twiga mwenye mwezi nyuma, twiga wawili wamependana. Siku moja akaja kuniuliza, "Bi Mwanakheri, twiga analala vipi?" Mie, na skuli sikwenda, nkamjibu papo hapo: "Anakunja shingo mara tatu kama mkeka, anailalia." Akaenda akachora hivyo hivyo. Mzungu wa kwanza aliyeingia dukani aliinunua ile. Nasikia imetundikwa kwao huko, watu wanajifunza.

Na chini ya twiga wote wale jina liliandikwa la mwenye duka. Pandu hakuandika lake hata mara moja. Nlipomuuliza kwa nini, akasema, "Bi Mwanakheri, twiga wenyewe si wangu."

Alikuwa na mke. Mke alivumilia mpaka picha zikafika chumbani. Akasema hawezi kulala na macho mia mbili yakimtazama, na yote yana kope ndefu kuliko zake. Akaomba talaka yake, akapewa kwa wema, akenda Jambiani kulima mwani. Hali yake leo nzuri kuliko yetu sote, na ukutani kwake, wanaofika huko wanasema, hakuna hata kalenda.

Huyo ndiye Pandu. Mtu mpole, nguo zake zina rangi nyingi kuliko kanga dukani, akipita unajua leo kachora nini. Kazeeka kidogo kidogo, kimya kimya, kama ukuta wa chokaa.

Sasa mkahawa. Badria ukutani kwake alikuwa na kalenda ya mwaka juzi, saa iliyosimama saa tisa, na doa la mafuta lenye sura ya kisiwa cha Pemba. Siku moja alikwenda Shangani kwenye shughuli, akachungulia mkahawa wa wageni, akakuta picha kuta nzima, na chini ya kila picha mtu katoa macho huku chai yake inapoa. Badria akafikiri kifanyabiashara: chai ikipoa, mtu ataagiza nyingine. Akarudi akatangaza kwamba na yeye anataka picha za wasanii wa mtaa. Sanaa ikaingia Sokomuhogo kwa mlango huo, wa chai kupoa na doa kufunikwa, na mie nasema hiyo ni heshima kubwa. Zipo sanaa zilizoingia kwa mlango mbaya zaidi.

Wakaja watatu. Wa kwanza Jaku, anayetembeza wageni kule msitu wa Jozani. Kaleta kima punju kumi na wawili, kila mmoja na fremu yake, na wote wana uso wa mama mkwe wake. Mwenyewe anakataa. Mama mkwe alikuja kuwaona, akasimama mbele yao kitambo, akasema, "Wazuri. Kuna mtu wananikumbusha."

Wa pili Muzdalifa, msichana wa uchochoro wa pili, anasoma chuo kikuu Tunguu. Yeye anachora kwa piko, ile nyeusi ya mikono ya maharusi, juu ya kitambaa cheupe, miviringo mitupu. Nkamwuliza, "Mwanangu, hii ni mikate ya mofa au magurudumu?" Akanambia, "Bibi, huu ni upweke." Nkamwambia, "Upweke naujua, mwanangu, nnalala nao kila siku. Si mviringo." Akacheka, akaandika kwenye kidaftari chake. Sijui kaandika nini, lakini tangu siku ile miviringo imeanza kuwa na pembe.

Na wa tatu Pandu, na picha moja. Badria akaitundika juu ya Pemba.

Picha ile ilitoka wapi, mie najua, kwa sababu Pandu mwenyewe alinambia. Ramadhani iliyopita, siku ya kwanza, alirudi kutoka kuswali magharibi akakuta sinia barazani kwake, limefunikwa kawa. Ndani muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, na uji kwenye kibakuli. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna mtu. Yupo paka mwenye chongo tu, na paka hakusema. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, ndizi mbivu. Mwezi mzima. Pandu hakuchungulia hata siku moja kumuona anayeleta. Akasema aliyetaka kujificha ana haki ya kufichwa.

"Hukuijua hata kawa?" nkamwuliza.

"Kawa ni kawa, Bi Mwanakheri."

Mwanamme huyo! Anaweza kukwambia kivuli cha saa kumi na moja kina rangi ngapi, lakini kawa ni kawa. Wanaume wanajua kilicho chini ya kawa tu.

Shida yake ilikuwa kurudisha sahani. Nyie mnajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata punje ya chumvi utatia, hata ndimu moja, lakini tupu hairudi. Ukiirudisha tupu unasema urafiki nao umekwisha kama chakula. Pandu siku ya kwanza akatia tende za msikitini. Siku ya pili ndimu tatu. Siku ya tatu akatia asumini.

"Asumini?" nkashika kifua. "Umerudisha sahani na asumini?"

"Ndiyo iliyokuwa imeota kwenye kopo dirishani."

Haya. Asumini kwenye sahani ya mwanamke, halafu mtu anakwambia kopo, dirisha. Kufika siku ya kumi asumini ikaisha, ndimu zikaisha, na mwenye duka la watalii alikuwa amefunga duka kwa mwezi mtukufu. Pandu akawa anaiosha sahani mpaka inang'aa, anairudisha barazani alfajiri, tupu, kisha anaingia ndani kwa haya. Alihesabu: ishirini zilirudi tupu. Ndipo akaichora picha. Siku za Idi watu wanakula, yeye anachora.

"Hii ndiyo ya kuzijaza zile ishirini," akanambia. "Nataka itundikwe mahali mwenyewe aione. Simtaki ajitaje. Akiiona atajua imefika."

Na chini pembeni akaandika jina lake: Pandu. Mara ya kwanza katika umri wake. Aliliandika dogo, kama anaogopa litadaiwa kodi.

Basi sasa turudi kwa Kheir, maana sauti yake bado ilikuwa hewani.

"Dada yangu ni mjane anayejiheshimu!" anasema. "Hajapeleka chakula kwa mwanamme yeyote! Huyu Pandu kaitia kawa ya dada yangu mlangoni kwake kumchafulia jina!"

Pandu alikuwa amekaa meza ya mwisho chini ya kima wa Jaku, mikono mapajani. Kwa uso wake nliona kitu kimoja: ndiyo kwanza anasikia kawa ni ya nani. Mtaa mzima tunajua, paka anajua, yeye ndiyo kwanza anasikia, tena kwa mdomo wa Kheir. Masikio yakamgeuka rangi. Sikuwahi kumuona mtu kapata habari njema kwa kutukanwa.

"Na wewe kawa ya dada yako umeijulia wapi, Kheir?" Badria akauliza. "Wanaume hawajui kawa."

Swali zuri. Mie jibu nnalo. Kheir kaijua kawa ile kwa sababu Ramadhani yote alifuturu kwa Riyama, yeye na wanawe watano. Mkewe ana presha, na presha yenyewe huja mwezi wa Ramadhani tu, ukiandama mwezi wa Idi inapona. Siku thelathini Kheir kafika kwa dada yake kabla ya adhana, anafunua kawa kuchungulia kilichopikwa, anafunika, kisha anakaa kwenye mkeka, anakula, anakwenda zake. Ujane wa dada yake unampa uchungu sana, hasa akifikiria aolewe halafu yeye afuturu wapi.

"Naijua tu," akasema Kheir.

Badria akaweka mikono kiunoni. Mwanamke yule akiweka mikono kiunoni hata chai inaacha kuchemka.

"Sikiliza, Kheir. Ukuta wangu, maneno yangu. Wewe huna kawa katika picha hii. Mwenye kawa ndiye mwenye haki ya kulalamika. Riyama akija hapa kwa miguu yake akasema picha inamchafua, naishusha saa ile ile. Au akitokea mwingine akasema kawa ni yake naye hana neno, inabaki. Ikifika adhuhuri hajaja mtu, naishusha, maana nshachoka kelele na mie nna pilau jikoni."

"Riyama haji mkahawani kubishana!"

"Basi adhuhuri si mbali."

Akachukua simu yake, akaingia jikoni, akavuta pazia. Nkamsikia ananong'ona ndani ya simu kama anayekariri uradi. Badria akinong'ona ujue anatuma sauti kwa mtu, na sauti zake hazijapata kuwa fupi.

Nkamtazama Pandu. Akasema polepole, kwangu mie peke yangu, "Ikishuka, Jumamosi narudi kwa twiga. Mwenye duka keshaniletea turubai thelathini."

Thelathini! Twiga thelathini wanamsubiri mtu aliyekwisha kuandika jina lake. Hapo roho ikaniuma, na mie roho ikiniuma mdomo unafunguka wenyewe.

"Kheir, mwanangu," nkasema, "unagombana bure. Kawa hiyo yangu."

Muzdalifa akatoa kidaftari.

"Yako, Bi Mwanakheri?"

"Yangu. Nnazeeka lakini mali yangu naijua. Na chakula cha Pandu nlipeleka mie. Kosa? Bibi wa umri wangu akimpelekea futari mtu asiye na wa kumpikia, nani atakuja kunigombea? Nani atanitaka mie, hata kwa kunisingizia?"

"Na kiraka?" Kheir akafinya macho. "Kiraka cha kisutu?"

Nyie, kiraka nlikuwa nimekisahau. Lakini mie tangu lini nikakosa la kusema?

"Kiraka," nkasema, "kina habari yake. Nlikwenda kijijini Pete kumtazama mwana wa ndugu yangu kazaa. Nimebeba sinia la biriani kichwani, nimelifunika kawa hiyo. Nafika karibu na Jozani, akashuka kima punju mtini, mzee, ana mvi kidevuni. Akanitazama kwa adabu. Akanyoosha mkono, akaivua kawa, akaivaa kichwani kama kofia. Biriani hakuigusa, kwa haki. Akatangulia mbele anatembea kwa madaha, na kima wengine wote wanampisha njia kama anapita sheha. Mie nyuma, 'Bwana wee, kawa yangu!' Yeye hageuki. Nlipoishika tukavutana, ncha ikabaki mkononi mwake. Nguo ya kutia kiraka sina, nlichovaa ni kisutu. Nkachana upindo."

"Namjua kima huyo!" akaruka Jaku kutoka mezani kwake. "Mpaka leo anapenda kofia. Mgeni wangu mmoja alinyang'anywa!"

Mungu amzidishie Jaku. Nlimwambia kitambo kwamba kima wake hawana uso wa mama mkwe, na siku ile nliona wema ule unalipwa.

Watu wakaanza kucheka. Kheir mwenyewe mdomo ukamcheza pembeni. Alitaka kuamini, kwa sababu akiamini mkeka wa dada yake unabaki wake. Na mie nlisema yote yale bila kuapa, mjue. Uongo wangu hausafiri na kiapo. Hiyo ni kanuni yangu tangu nina meno yote. Funika kombe mwanaharamu apite, lakini jina la Mola usilifanye kawa.

Nkamgeukia Pandu, nkadhani ntaona uso wa mtu aliyeokolewa. Masikio yake yalikuwa yamerudi rangi yake ya zamani. Mtu kapata habari njema na kupokonywa katika pumzi kumi, na aliyempokonya ni mie, niliyekuja kumsaidia.

Akainuka. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Bi Mwanakheri, Mungu akulipe," akasema, kwa heshima kabisa. "Nna swali moja. Zile tambi za usiku wa ishirini na saba. Zilikuwa vipi?"

Nkamkanyaga mguu chini ya meza. Hakuelewa. Wachoraji hawaelewi kukanyagwa.

"Tambi?" nkasema. "Tambi za sukari, mwanangu. Na iliki. Na zabibu kidogo."

Akatikisa kichwa, kwa huzuni, lakini chini ya huzuni ile nkaona kitu kinaamka.

"Zilikuwa za chumvi," akasema Pandu. "Aliyepika kakosea kopo. Nlizila zote, mpaka ya mwisho, nkaosha sahani vizuri, asije akajua kakosea."

Haya sasa! Mtu anapewa njia ya kutokea, naye anasimama mlangoni kueleza chumvi.

Maana za chumvi zilikuwa, na mtaa mzima unajua ni za nani. Usiku ule wa ishirini na saba Kheir alipiga kelele kwa dada yake mpaka walioko msikitini wakasikia. "Tambi gani hizi! Umetia bahari!" Kisha akaondoka na wanawe, na Riyama akabaki na sufuria zima na aibu yake. Kumbe kuna mtu mmoja, vichochoro viwili mbele, aliyekaa peke yake na sahani ya tambi zile zile, anazila kimya, mpaka ya mwisho.

Muzdalifa kalamu imemsimama. Badria alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi, anamtazama Pandu kama ndiyo kwanza anamuona.

Kheir uso wake ulipita rangi zote, angekuwa na fremu ningemtundika. Alikuwa kajua. Sote tulimuona anajua. Na mtu akijua asilolitaka anapanda juu ya kitu. Akavuta kile kiti, akapanda, akashika fremu kwa mikono miwili.

"Kheir!" akasema Badria.

"Naishusha! Ila Bi Mwanakheri aape!" Akanigeukia akiwa juu kule, fremu imeshaachana na ukuta, kisiwa cha Pemba kinachungulia chini. "Umesema kawa ni yako. Haya. Sema wallahi. Sema wallahi kawa ni yako na chakula ulipeleka wewe, nami nairudisha picha ukutani, nashuka, na maneno yameisha. Usiposema, hii naitoa nje sasa hivi na kuivunja."

Pandu hakunitazama. Alikuwa anatazama pale pembeni chini, penye jina lake.

Nyie. Miaka yote hii nimesema kima wanavaa kofia, nimesema twiga wanakunja shingo, nimesema nywele za ukutani zinaota, na sikuapa hata mara moja. Nkaitazama picha. Nkawatazama wale twiga thelathini wasiochorwa bado, wamesimama foleni mlangoni kwa Pandu, shingo zimekunjwa tatu tatu kama nlivyowafundisha mwenyewe. Nkasema moyoni, Mwanakheri, umezeeka, huna cha kulinda isipokuwa hiki kimoja, na leo kinatakiwa.

Nkavuta pumzi. Nkafungua mdomo.

"Wa—"

Pazia la mlangoni likafunuka. Akaingia Riyama, hana haraka, buibui lake limepigwa pasi, macho kwa Pandu peke yake, sinia mikononi, na juu ya sinia kawa ya zambarau na kijani, kiraka cha kisutu kikituangalia sote.